Sura ya Saba: Pikipiki Iliyosukumwa Kilomita Nne

Saa nne asubuhi fundi Njuki alipiga kiki ya hamsini na moja, akaketi juu ya kokoto za uwanja wa kituo, akavua kofia na kuiangalia pikipiki jinsi baba anavyomwangalia mkwe aliyekuja mikono mitupu.

"Afande, hii imekufa," alisema. "Tuite pasta."

"Imekufa kwa nini?" Inspekta Kathure aliuliza.

"Hata hilo muulize pasta."

"Pasta halipwi na serikali kufungua injini. Wewe unalipwa. Anza mwanzo."

Njuki alicheka, akasimama. Alikuwa fundi wa pikipiki wa pale Kiritiri sokoni, mtu wa kidevu kirefu na vidole vilivyoungua mara nyingi, na watu walisema hajawahi kunyamaza tangu abatizwe. Kathure yeye hakucheka. Hakuwa na hasira pia. Alikuwa amekaa juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, kwenye kivuli cha lori la mchanga lililokamatwa, daftari likiwa gotini. Alfajiri aliangalia kichwa cha marehemu kilichopasuliwa na jiwe, kisha akaenda hotelini akala mandazi mawili. Mandazi yalikuwa mandazi. Miaka kumi na saba ya kazi hii humfanya mtu hivyo: moyo unakuwa kama kisigino, ukiuchoma hausikii mpaka utoe damu.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi, na hilo ndilo lililomsumbua. Marehemu aliitwa Mwiti, mwendesha bodaboda wa Nchiru, kule Meru. Jumatatu alfajiri aliondoka kwake. Jumanne wapakiaji wa mchanga wakamkuta amelala kwenye mto mkavu, mwendo wa kilomita tano kutoka Kiritiri. Asubuhi hiyohiyo watu wa soko walimwona mchoma makaa mmoja, Ndambiri, akiisukuma pikipiki ya marehemu akitokwa jasho. Walimpiga mpaka jicho likafumba. Polisi walimwokoa wakati tairi lilikuwa limeshafika shingoni na mtu akitafuta kiberiti.

Leo ilikuwa Jumatano. Saa nane Ndambiri angepelekwa kortini kwa mauaji.

"Mambo yako wazi," alikuwa amesema mkuu wa kituo, Gichovi, mtu mnene aliyependa mambo yawe wazi kabla ya chakula cha mchana. "Alimuua, akaiendesha, ikamzimikia njiani, akaanza kusukuma. Wewe unataka nini tena?"

"Nataka kujua kwa nini ilizimika."

"Pikipiki huzimika, Inspekta."

"Kama ilizimika yenyewe, kuna kitu kimeharibika. Kama hakuna kilichoharibika, kuna mtu aliyeizima. Ndambiri anasema aliikuta chini ya mgunga, imeegeshwa, ufunguo ndani, na ikakataa kuwaka. Nataka kujua kama anasema kweli."

Gichovi alielekeza kidevu langoni. Watu kama sitini walikuwa wamesimama nje ya waya, kimya, na kati yao matairi mawili. "Hao hawatauliza koili wala plagi. Nikimwachilia bila kuwapa jina lingine, hatafika barabarani. Gari langu haliondoki tupu, mama. Saa nane."

Ndiyo maana Njuki alikuwa uwanjani, na ndiyo maana Kathure alimwambia aanze mwanzo.

Njuki alifungua mrija wa tangi, akamwaga petroli kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akanusa. "Safi. Hakuna maji." Akafungua skrubu ya chini ya kabureta, petroli ikatiririka. "Mafuta yanafika. Si njaa iliyoiua."

Kathure akaandika.

Akachomeka waya za mita kwenye betri. "Kumi na mbili na nukta tatu. Betri nzima." Akawasha ufunguo, taa ya mbele ikawaka. Akabonyeza honi, ikalia hata watu wa langoni wakashtuka na mbwa wa kituo akakimbilia jikoni. Akabonyeza stata, injini ikazunguka, ikakohoa, ikakohoa, basi. "Unaona, afande? Inaona, inasikia, inakohoa. Haitaki tu kufanya kazi. Kama karani."

"Fyuzi?"

"Fyuzi ingekufa, hii taa ungeiona wapi?" Hata hivyo aliitoa, akaiinua juani, akamwonyesha uzi mzima ndani ya kioo.

Akafungua plagi. Ilitoka imelowa petroli. Akaipangusa, akairudisha kwenye kofia yake, akaigusisha kwenye chuma cha injini. "Sasa weka macho hapa kwenye ncha. Nikipiga kiki, lazima cheche iruke."

Alipiga kiki. Ncha ilibaki nyeusi. Akapiga tena. Hakuna.

Akaweka plagi mpya yake mwenyewe. Hakuna. Akang'oa kofia ya plagi, akausogeza waya mtupu karibu na injini, kiasi cha unene wa kucha. Hakuna.

"Mwanzo tumepata," Njuki akasema, na mzaha ukapungua sautini. "Chakula kipo, moto hakuna. Sasa tunamtafuta aliyenyang'anya moto."

Alifungua swichi nyekundu ya kuzimia pale kwenye usukani. Ndani ilikuwa safi. Akachukua koili ya pikipiki yake mwenyewe, akaifunga pale. Hakuna. Akachukua sidiai, kile kijisanduku cheusi kinachoamuru cheche iruke lini, akakibadilisha pia. Hakuna. Saa ilikuwa tano na nusu. Jasho lilikuwa limechora ramani mgongoni mwake.

Kathure alimwacha akinywa maji, akaenda seli.

Ndambiri alikuwa amekaa kwenye sakafu, mgongo ukutani, jicho moja limevimba kama tunda la mkuyu. Alikuwa na miaka hamsini hivi. Hakuinuka, wala hakuinua sauti.

"Mzee, uliikuta vipi? Niambie tena."

"Imesimama. Mguu wake wa pembeni umewekewa jiwe bapa, isizame kwa mchanga. Ufunguo uko ndani."

"Ukafanya nini?"

"Nikaita. Hakuna mtu. Nikakaa kidogo. Halafu nikasema, mimi nitembee na miguu kwa nini na Mungu ameleta hii. Nikabonyeza. Ikakohoa. Nikapiga teke mpaka mguu ukaniuma. Nikasema nipeleke kwa Njuki atengeneze."

"Uliiba, basi."

"Niliiba," Ndambiri akasema, kama mtu anayetaja jina la kijiji chake. "Mtu sikuua. Afande, mbuzi zangu zimefungwa tangu jana. Ziko kumi na moja. Hakuna wa kuzipa maji."

"Nitatuma mtu."

"Hiyo ya madoa hupiga pembe. Umwambie."

Kathure aliandika: *Jiwe bapa chini ya stendi.* Juu yake kulikuwa na mistari mitatu aliyoiandika alfajiri kule mtoni. *Gurudumu la nyuma limepita juu ya damu. Mto hadi mgunga: alama ya tairi peke yake. Mgunga hadi soko, kilomita nne: tairi na nyayo za viatu vya akala.* Maana yake hata mtoto wa chekechea angeisoma. Pikipiki ilitoka mtoni Mwiti akiwa ameshavuja damu, na ilitoka ikiendeshwa. Kuanzia mgunga, ilisukumwa. Kilichotokea chini ya mgunga ndicho kilichobaki.

Aliporudi uwanjani, Njuki alikuwa amenyanyua tangi na kuliweka kando. Waya zilikuwa nje, kama utumbo wa mbuzi siku ya sherehe.

"Njoo, afande. Nimekumbuka jambo moja alilonifundisha mwalimu wangu kwa makofi. Kila kitu kikiwa kizima na moto hakuna, jua kuna anayeukataza." Alishika waya mweusi wenye mstari mweupe. "Huyu ndiye mkatazaji. Huyu akigusa chuma cha pikipiki popote pale, sidiai inanyamaza. Taa zitawaka, honi italia, lakini moto hupati. Sasa namchomoa."

Akauchomoa. Akapiga kiki.

Cheche ya buluu iliruka kwenye ncha ya plagi, ikalia *tak*.

"Ngai!" Njuki akasema. "Nimekusalimia mwizi wewe!"

"Kwa hiyo hakuna kilichoharibika."

"Hakuna. Huu waya unagusishwa chuma mahali fulani kwa makusudi. Kuna swichi ya siri. Bodaboda wa Meru wengi wanaweka, kwa sababu ya wezi."

Aliufuata waya kwa vidole mpaka chini ya kiti, upande wa kulia. Kulikuwa na swichi ndogo ya chuma imejificha nyuma ya kifuniko. "Hii hapa!" Akarudisha plagi na waya wote mahali pake, akaisukuma swichi juu, akapiga kiki. Hakuna. Akaisukuma chini. Hakuna.

"Labda imekufa," Kathure akasema.

Njuki aliingiza kichwa chini ya kiti, akakaa humo kimya, jambo ambalo lingewashangaza wote wanaomfahamu. Alipotoka hakuwa anacheka. "Imekatwa. Waya zake zimekatwa kwa koleo, zikafungwa tepu, swichi ikaachwa hapo kama sanamu. Na angalia: kuna waya mwingine mwekundu, mpya, unarudi mbele. Vumbi letu la huku halijauingia. Hii tepu bado inanata."

Waya mwekundu ulipita chini ya tangi, upande wa kushoto, ukaishia nyuma ya bamba linaloshika shingo ya pikipiki. Hapo palikuwa na kiswichi cha ukubwa wa punje ya mahindi. Hukioni hata ukiinama. Lakini aliyekaa kwenye kiti akishusha mkono wa kushoto, vidole vinakifikia vyenyewe.

Petroli ilikuwa bado imebaki kwenye kabureta. Njuki alikisukuma. Akapiga kiki moja. Injini ikanguruma.

Langoni watu walinong'ona. Kathure aliiacha ingurume kidogo, kisha akasema, "Zima. Kwa hicho hicho. Halafu rudisha tangi, funga kila kitu kama kilivyokuwa. Iache imezimwa."

Kwenye madigadi ya nyuma, bamba la kukinga tope, palikuwa pameandikwa kwa rangi nyeupe: *Mukiri wa Umeme, Gakoromone,* na nambari ya simu. Kathure akapiga, akaiweka simu kwenye spika. Sauti ya soko la Gakoromone, kule Meru, ilimjia kwanza, mtu akinadi kabichi, kisha Mukiri mwenyewe.

"Ndiyo, Mwiti ni wangu. Alikuwa wangu. Swichi za steji yao yote ya bodaboda nimeweka mimi. Zote chini ya kiti, kulia. Ndiyo sheria ya steji yao, ndiyo wasaidiane mmoja akikwama."

"Na ya Mwiti?"

"Nilimhamishia. Jumapili, saa kumi na mbili jioni, nilikuwa nafunga kibanda. Pikipiki tatu za steji zimeibiwa mwezi mmoja, madam, na zote zina swichi. Mwiti akaniambia, Mukiri, mwizi anajua swichi zilipo, kwa hivyo mwizi anakula na sisi. Akasema ile ya zamani niiache pale idanganye. Akasema hata mke wake hatamwambia."

"Alikuwa anaenda wapi Jumatatu?"

"Huko kwenu chini. Alisikia moja ya hizo tatu imeonekana huko inabeba makaa."

Kathure alishukuru, akakata. Gichovi alikuwa amesimama nyuma yake, mswaki wa mti mdomoni.

"Umesikia?" Kathure akamuuliza.

"Nimesikia. Na bado nina gari na lango."

"Mkubwa, sikiliza mambo mawili. Aliyeitoa pikipiki mtoni aliacha ufunguo. Kwa nini?"

"Alisahau."

"Hapana. Aliuacha ili mwingine aichukue, akamatwe nayo. Ndambiri akaja akauchukua mzigo. Hapo kichwa kilifikiri vizuri kabisa. Lakini mtu huyohuyo akaweka jiwe chini ya stendi, akazima swichi ya siri. Unaachaje mlango wazi ili mwizi aingie, halafu unafunga komeo?"

Gichovi akatoa mswaki mdomoni.

"Mkono," Kathure akasema. "Kichwa kiliacha ufunguo. Mkono ukazima swichi, kwa sababu umefanya hivyo kila siku kwa miaka. Ni mtu wa bodaboda. Na swichi hiyo ilikuwa na siku moja tu. Aliijua kwa sababu alikuwa amebebwa nyuma, kila walipoteremka anaona mkono wa Mwiti unakoenda."

"Nani?"

Kathure alitazama mbele ya ofisi. Kwenye benchi, kwenye kivuli cha mabati, alikaa Muturi, mwenyekiti wa steji ya Nchiru. Alikuja asubuhi kwa niaba ya familia, akaenda mochari, na ndiyo kwanza alikuwa amerudi: koti jeusi, Biblia ndogo mfukoni, na alikuwa ameshapiga simu nyingi za kupanga matanga. Maelezo yake yalikuwa kwenye ukurasa wa nne wa daftari, sahihi yake chini: mara ya mwisho kumwona Mwiti ilikuwa Jumapili mchana wakitoka kanisani. Jumatatu kutwa alikuwa kitandani kwake, Nchiru, na malaria.

"Kila mtu wa steji alikuwa na sababu ya kuja," Gichovi akasema polepole.

"Ndiyo. Labda si yeye. Mkono wake ukienda chini ya kiti, kulia, nitamwomba msamaha na nitamnunulia chai."

Saa ilikuwa saba na dakika ishirini. Kathure akamwita.

"Pole tena, chairman. Fundi wetu ameshindwa na hii pikipiki. Ikiwaka, utie sahihi hapa, uende nayo kwa mjane. Ikikataa, inabaki hapa na mimi sijui itaoza lini."

"Hapana, afande, ile ni mali ya watoto," Muturi akasema. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu anayeombea wengine. "Ngoja niangalie."

"Wacha, chairman, utachafua koti," Njuki akadakia. "Nyinyi watu wa Meru mnajua kufunga miraa tu. Pikipiki ni ya wanaume wa jua."

"Wanaume wa jua!" Muturi akageuka. "Wewe unatengeneza pikipiki ama unachoma makaa? Nimeendesha miaka kumi na miwili, kijana. Nimepanda milima ya Nyambene na abiria watatu na mbuzi."

"Mbuzi ndiye alikuwa anaendesha."

Askari wawili wakacheka. Muturi pia akacheka, akapandisha mikono ya koti, akaikalia pikipiki. Akairudisha stendi kwa kisigino bila kuangalia. Akawasha ufunguo kwa mkono wa kulia. "Sikia huyu," alikuwa bado anamwambia Njuki, "eti mbuzi," na mkono wa kushoto ukashuka kando ya tangi, ukaingia chini, ukatoka. Akapiga kiki moja.

Injini ikanguruma.

Hakuna aliyepiga makofi. Muturi alimtazama Njuki kwa ushindi, kisha akamtazama Gichovi, kisha askari wale wawili, na tabasamu likabaki usoni kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Alikuwa ameona kwamba hakuna aliyekuwa anaitazama injini.

"Asante, chairman," Kathure akasema. "Sasa izime."

Ufunguo ulikuwa mbele yake, na kishada chekundu, shubiri moja kutoka kidole gumba. Mtu angeweza kuuzungusha kwa kucha. Mkono wa kushoto ukashuka palepale chini ya tangi.

*Tk.* Kimya.

"Chairman," Njuki akasema, taratibu sana, "mimi hapo nimepatafuta saa mbili."

"Ni ya steji," Muturi akasema. "Wote tunayo. Muulizeni Mukiri wa Gakoromone."

"Nimemuuliza," Kathure akasema. "Za steji ziko chini ya kiti. Hii ya Mwiti iliwekwa Jumapili saa kumi na mbili jioni, na wewe Jumapili mchana ndiyo ulimwona mwisho. Nani alikuonyesha?"

Muturi aliutazama mkono wake wa kushoto, ambao bado ulikuwa chini ya tangi, kama mkono wa mtu mwingine aliyeketi naye.

Gichovi alitoa pingu. "Nianze na upi?"

"Huohuo wa kushoto," Kathure akasema.

Aliandika saa: saba na dakika thelathini na moja. Kisha akaenda seli, akafungua mlango mwenyewe, akaweka akala za Ndambiri sakafuni mbele yake.

"Ya kuiba pikipiki tutaongea siku nyingine. Kwa sasa nenda."

Ndambiri alivaa akala, moja, kisha nyingine. Alifika mlangoni, akaona lango, watu na matairi. Akarudi, akaketi palepale ukutani.

"Mzee, nimesema uko huru."

"Nimesikia."

"Gari litaondoka na mwingine. Wataona."

"Basi acha kwanza waone," Ndambiri akasema. "Mbuzi zilipewa maji?"

"Walipewa."

Kathure alivuta mtungi wake wa plastiki, akauweka kwenye kivuli cha mlango wa seli, akaketi. Injini ya gari la kituo iliwaka kule uwanjani. Walingoja wote wawili mpaka walipoisikia ikipita langoni, na hata baada ya hapo.